Fuwele ya Unga wa Chapati

Mwalimu wa binti yangu aliagiza kila mtoto alete mfano wa fuwele ya chumvi, yaani jinsi chembe zake zinavyojipanga. Siku hizi mtoto akipewa kazi, anayeifanya ni mzazi. Basi nikajifungia jikoni, hapa mtaani kwetu Mountain View, na madonge ya unga wa chapati: makubwa klorini, madogo sodiamu, yote nimeyaunga kwa vijiti vya meno. Kanuni ni moja tu: sodiamu isipakane na sodiamu. Kila nikifika safu ya tatu, ya chini inabonyea.

"Baba, si uniwachie? Hii ni homework yangu."

"Utapanga ovyo upate sifuri," nikamfokea, mimi niliyesomea fasihi.

Asubuhi niliubeba mfano huo mwenyewe hadi darasani. Mwalimu akauliza kwa nini madonge yanapishana. Binti akaeleza bila kusita: chembe hizi zina chaji chanya, zile hasi, ndiyo maana zinavutana. Kisha akaongeza, "Lakini hapa kwa kona Baba amekosea."

Mwalimu akainama, akahakikisha.

"Wewe kesho lete wako," akamwambia. "Na wewe, mzazi, rudia."