Mkate wa Bibi wa Darajani

Kabla sijamsifu dada yangu, nijisifu kidogo mimi mwenyewe, maana nisipofanya hivyo hakuna atakayejitolea. Katika ukoo wetu wote, mtu aliyeuvusha ule mchezo wa mnara ni mimi. Wapo wenye digrii zao. Yupo mpwa wangu mkunga, anayepokea watoto wa watu kila siku. Alikuwepo shemeji yangu fundi kompyuta, Mungu amrehemu. Wote walikwama. Mimi, niliyeachana na shule kwa amani kabisa, bila ugomvi, ndiye niliyefanya kazi. Nitaeleza ilivyokuwa, ila lazima nianze kwa dada, kwa sababu bila yeye hakuna mchezo wala mnara.

Dada yangu mtaani wanamwita Mama Chapa. Duka lake la kuchapa barua na kutoa fotokopi ni chumba kimoja, kimebanwa kati ya kinyozi na muuza vipuri vya baiskeli. Ukiingia, kushoto kuna mashine ya fotokopi inayolalamika kama imesingiziwa wizi. Kulia kuna benchi la wateja, mguu mmoja umefungwa kwa waya. Mbele yako ni yeye, miwani kwenye ncha ya pua, vidole vinakimbia juu ya kibodi na macho yake yako kwako. Anachapa maombi ya kazi, mitihani ya shule, kadi za harusi, matangazo ya misiba. Mtu akija na barua ya hasira, tuseme mwenye nyumba anataka kumporomoshea mpangaji matusi, dada anaisoma yote, anamtazama juu ya miwani, anamwambia, "Kaa kwanza, baba, unywe maji. Hili neno nikikuchapia litakurudia." Barua ikitoka kwenye printa, matusi yamegeuka kuwa "naomba tukutane tuzungumze." Mzee yeyote akisimama mlangoni na karatasi yake, dada anaacha kazi ya bosi mzima anamchapia kwanza, tena bure.

"Dada," nilikuwa namwambia, "huruma yako itakufungisha duka."

"Na mdomo wako ungekuwa mtaji, saa hizi ungekuwa tajiri."

Mumewe tulimwita Taratibu. Hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, hata mvua ikimkuta barabarani na redio ya mtu mikononi. Ndiye aliyemletea dada ile kompyuta ya zamani, kichwa kikubwa kama sanduku la bibi harusi, aliyoiunga mwenyewe kutoka kwenye mizoga ya kompyuta nyingine. Ndani yake mlikuwa na mchezo. Nani aliuweka, hatukujua. Boksi lake hatukuliona, na jina lake lilikuwa refu na la kigeni, kwa hiyo sisi tuliuita mchezo wa mnara.

Wapwa zangu mnaocheza michezo ya siku hizi, ya kufyatua risasi mpaka vidole vinaota sugu, mtacheka. Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Kijana mmoja fundi saa, amevaa koti refu, anafika kwenye mji ambao saa yake ya mnara imesimama. Apande, aitengeneze. Basi. Hakuna mbio, hakuna bunduki. Unapeleka mshale kwa mausi, unabonyeza barabara, kijana anakwenda. Unabonyeza ndoo, anaiokota anaitia mfukoni. Tulimwita Koti. Mfuko wake ulikuwa na maajabu: ngazi iliingia, ngoma iliingia, kuku mzima aliingia na hakulia.

Jumamosi mchana, dada akishateremsha mlango wa duka nusu, tulikaa watatu mbele ya kioo kile. Taratibu alishika mausi na kusoma maneno ya kigeni. Dada alishika kamusi. Mimi nilishika ushauri. Tulikunywa chai, tulibishana, mteja akiinama kuchungulia chini ya mlango tunamwambia mashine imeharibika, na mara nyingine akiona kioo anaingia naye kutoa maoni yake.

Sasa, darajani alikaa bibi kizee na kikapu kitupu. Koti akitaka kuvuka, bibi ananyoosha mkono anaomba chakula. Mfukoni Koti alikuwa na mkate mmoja tu. Nakumbuka Taratibu alisita, mshale ukaning'inia juu ya ule mkate.

"Labda tutauhitaji mbele," akasema.

Dada alimkata jicho. "Mbele wapi, na mtu mzima ana njaa hapa? Mpe, bwana."

Akampa. Bibi akashukuru, akaondoka zake, hatukumwona tena. Sisi tukajiona watu wema kweli kweli, nami nikamalizia chai kwa furaha.

Tukafika juu ya mnara. Mlango wa chumba cha saa umefungwa, ufunguo umetundikwa msumarini, na juu ya msumari kuna kiota cha ndege mweusi. Koti akinyoosha mkono, ndege anamdonoa. Tulimtisha yule ndege kwa kila tulichokuwa nacho. Tulimpigia ngoma. Tulimmwagia ndoo ya maji. Tulimtoa kuku mfukoni, kwa ushauri wangu, nikiamini ndege kwa ndege wataelewana. Kila mara Koti alitikisa kichwa na kusema sentensi ileile, ambayo mwishowe tuliijua bila kamusi: "Hilo haliwezekani." Ikawa usemi wa nyumbani. Dada akimwambia mumewe paa linavuja, Taratibu anatikisa kichwa polepole kama Koti: "Hilo haliwezekani." Dada anamrushia taulo.

Mimi nilisema mara nyingi tuanze upya. Taratibu akawa ananijibu, "Ya nini, shemeji? Si tuko mlangoni tayari?" Tukakaa mlangoni miaka. Duka likapata kompyuta mpya nyembamba, ile ya zamani ikahamia mezani pembeni, na sisi Jumamosi tukawa bado tunamvizia yule ndege. Taratibu alipougua, siku moja hospitali alifumbua macho akamuuliza dada, "Ndege bado yupo?" Dada akasema, "Yupo." Akacheka kidogo, akalala.

Baada ya msiba dada aliifunika kompyuta kwa kitambaa cha maua, akaisukuma chini ya meza. Hakuiwasha tena. Wala mimi sikuthubutu kumwambia, na mnajua mimi ni mtu wa kuthubutu.

Mwaka huu vidole vyake vikaanza kuvimba kwenye viungo. Binti yake, yule mkunga, akasema mama sasa inatosha, uje tuishi wote. Dada alibisha, akanuna, akakubali. Duka likapata mchapaji mwingine, msichana mwenye kasi. Mnunuzi wa vyuma chakavu akaahidi kupita Jumatatu kuzoa mabaki: feni bovu, printa iliyokufa, na ile kompyuta ya chini ya meza.

Jumamosi tulikuwa tunafunga mizigo. Dada akasimama katikati ya maboksi, mikono kiunoni.

"Kabla haijaenda, nataka nijue nyuma ya ule mlango kuna nini," akasema. "Mwenzangu ameondoka bila kujua. Mimi siondoki hivyo."

Tukaipandisha mezani. Ikakoroma, ikakohoa, ikanuka vumbi la moto, ikawaka. Binti akatoa simu yake. "Mama, mbona majibu ya michezo hii yote yapo huku. Dakika tu."

"Ole wako useme."

Lakini alishaanza kusoma. Nikamwona anaziba mdomo, mabega yanatikisika.

"Sisemi, mama. Ila jueni tu, pale mlangoni mngekaa mpaka mwisho wa dunia. Kosa liko nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Si umesema nisiseme?"

Basi tukaanza upya, dada ameshika mausi kwa vidole vyake vilivyovimba. Jamani. Kile kijimuziki cha mwanzo kilipolia, chumba kizima kilijaa Jumamosi. Nilisikia hadi harufu ya ile risasi ya kuunganishia nyaya iliyokuwa haitoki kwenye mikono ya Taratibu. Mji uleule, anga la zambarau, taa za madirisha za njano. Mchoraji wake alikuwa na mkono, siwezi kumnyima haki yake.

Ila nikiwa nimekaa pale na macho ya mtu mzima, niliona mambo ambayo zamani nilikuwa nayasamehe. Koti anatembea kama anayepelekwa kunyolewa kwa nguvu. Kuna sindano sakafuni ndogo kama mavi ya inzi, usipoibonyeza yenyewe hasa huendelei, na hakuna wa kukwambia kwamba ipo. Ili kumwamsha mlinzi unatakiwa kumpaka kuku asali. Nani, katika hali gani ya maisha, amewahi kumwamsha mtu kwa kuku wa asali? Mtunzi alikuwa anatuuliza kitu alichokiwaza yeye peke yake, akakaa kimya kutusubiri. Lakini siku hizi michezo inakuchorea mshale wa kufuata mpaka mlangoni, mpaka unajiona ng'ombe. Hawa wa zamani walikudharau kwa namna nyingine, na ile dharau yao ilitukalisha pamoja miaka. Sijui niwashtaki au niwashukuru.

Tukafika darajani. Bibi yupo na kikapu chake. Ananyoosha mkono. Dada akafungua mfuko wa Koti, mkate ukaonekana pale kati ya ndoo na ngoma, na mkono wake ukasimama.

"Ndege," akasema.

"Ndege yuko juu bado, dada. Hatukumtisha vya kutosha tu."

"Ndege hakutaka kutishwa. Alitaka kula." Akavua miwani. "Na chakula chake nilikitoa mimi. Yeye alisema labda tutauhitaji mbele. Mimi ndiye niliyemfungia ule mlango."

Binti akaweka simu chini. "Mama, ni mchezo tu."

Dada akashika mausi tena. Akajaribu kuukata mkate kwa kisu cha Koti, ampe bibi nusu. Hilo haliwezekani. Akajaribu kumpa mshumaa. Bibi akakataa. Akampa kuku. Bibi akakataa, na mimi nikamlaumu, maana kuku si kitu cha kukataa. Ikabaki njia moja: kumpita bibi na mkono wake umenyooshwa.

"Siwezi," dada akasema.

"Ni picha, dada."

"Najua ni picha. Najua pia nimelelewa na nani."

"Si tumelelewa na mama mmoja?"

"Wewe ulitoroka kabla hajamaliza." Akasimama, akanisukumia mausi. "Haya, mpite wewe usiye na haya. Mimi naweka chai."

Akaenda kwenye birika, akatupa mgongo. Na mimi, kwa mkono huu huu, nikabonyeza ng'ambo ya daraja. Bibi akasema maneno, Koti akapita kama hakusikia. Nilimpa shikamoo kimoyomoyo, mtu usije ukazidisha utovu wa adabu.

"Amesema nini?" dada akauliza bila kugeuka.

"Amesema safari njema."

"Mwongo."

Alirudi na vikombe, akachukua nafasi yake. Ngazi za mnara akazipanda mwenyewe. Kompyuta ilianza kusaga ndani kama inatafuna kokoto, mara kioo kikaganda, sote watatu tukaacha kupumua, mara kikaendelea. Ndege yule yule, kiota kile kile. Dada akampa mkate. Ndege akashuka kula, mkono wa Koti ukapanda, ufunguo ukaingia, mlango ukafunguka.

Magurudumu ya saa yakazunguka, kengele ikalia, ikaja picha ya uwanja wenye watu wanapiga makofi, na chini maneno: asante kwa kucheza. Kisha kimya.

"Ndio basi?" dada akauliza.

"Ndio basi."

"Miaka yote ile, picha moja?"

"Hata kucheza ngoma hawakucheza," nikasema. "Na ngoma tulikuwa nayo."

Lakini dada alikuwa ameinama, pua karibu iguse kioo, kidole kinapita juu ya vichwa vya watu kimoja kimoja. Kikasimama pembeni kabisa. Palikuwa na bibi na kikapu chake, anapiga makofi.

"Yupo," akasema. "Hakufa njaa."

"Si nilikwambia alinitakia safari njema?"

Akacheka hadi akashika mbavu, na machozi nayo yakapata upenyo. Akafungua lile faili la zamani, tulikohifadhia mchezo wetu wa siku za Taratibu. Koti mwingine akatokea, amesimama mbele ya mlango, mfukoni hana mkate, ndege anamtazama kutoka juu.

"Huyo hawezi kushinda tena, mama," binti akasema. "Mfute tu."

"Huyo ni wa baba yako. Mwache asimame."

Mpaka leo tunabishana. Mimi nasema Taratibu alijua siku nyingi. Fundi kama yule, mwenye kusoma magazeti yote ya kompyuta yaliyofungiwa vitumbua! Kila nikisema tuanze upya anakataa, kwa nini? Kwa sababu kuanza upya kungekuwa kumwambia mkewe, mbele yangu, safari hii usitoe mkate. Dada anasema hakujua lolote, alikuwa mzito tu wa kuelewa. Analisema hilo kwa sauti ya mtu anayeomba abishiwe tena, nami namridhisha.

Jumatatu mnunuzi wa vyuma akaondoka na feni na printa. Kompyuta ilipakatwa na dada kwenye kiti cha mbele cha gari, imefunikwa kitambaa chake cha maua.

"Mama, na hilo lidude nalo linakuja?"

"Linakuja."

"Tutaliweka wapi?"

"Pa kukaa mtu na kikombe cha chai."

Mimi nilikuwa nyuma, nimebanwa na magodoro, mguu wa benchi umeniingia ubavuni. Mtu aliyemvusha Koti daraja. Nikamwomba binti anisogezee hata mto. Akatikisa kichwa polepole, kama baba yake.