Kidole cha Fundi

Mnanisumbua tangu juzi, "Bibi, andika habari za Mama Soli." Kalamu yenyewe naishika kama mwiko! Haya, naandika, na mtu asinisahihishe.

Mama Soli ni wifi yangu, mke wa mdogo wangu fundi viatu. Jina kalipata kibandani kwa mumewe, miaka thelathini akipaka soli gundi. Sasa macho ya fundi yameingia ukungu, hata uzi anautunga kwa ulimi. Ndipo madaktari wa macho wa nchi jirani wakatangaza matembezi ya hisani huko kwao: siku tatu, vijiji kumi na viwili, kila kijiji muhuri kwenye kadi. Ukimaliza yote kabla ya saa kumi siku ya tatu, mgonjwa wako anapasuliwa bure.

"Nakwenda," akasema Mama Soli.

"Basi si kwa ndala, mke wangu."

Fundi akamshonea viatu kwa kupapasa. Kwake kiatu hakitoki kabla hajapitisha kidole ndani. Akapitisha. Kidole kina sugu kama kwato, hakikuhisi kitu.

Kijiji cha tatu, msumari ukachomoza kisiginoni. Mwenzake wa matembezini akamwona anachechemea.

"Shoga, vua! Nina raba za ziada."

"Hivi kavishona mume wangu. Nikivua mtasema fundi kapofuka."

"Na mguu ukioza tuseme nini?"

"Semeni ulioza ndani ya kiatu kizuri."

Wakacheka. Wanavijiji wakampa maji, akawashukuru kwa tabasamu, soksi imelowa damu. Mihuri kumi na mmoja akaipata hivyo hivyo. Kijiji cha mwisho alifika akijikokota, saa kumi imeshapita, meza imekunjwa, mwenye muhuri kaondoka. Hapo ndipo alipovua. Akapita peku mlango kwa mlango, akililia alama yoyote kwenye kadi, asiipate.

Nyumbani fundi akauliza, "Vilikubana?"

"Vilinikaa kama ngozi yangu."

Fundi akavivuta, akapitisha kidole, safari hii polepole. Kikakwama. Akashika nyundo, akaiweka chini. Tangu siku hiyo kibanda hakijafunguliwa. Wanakula bila kutazamana: mmoja hawezi, mwingine hathubutu.

Sasa wewe unayesoma usinipe pole, pole haiondoi ukungu. Una macho, na kalamu yako inakwenda. Waandikie wale madaktari, leo hii, uwaambie uliopungua ni muhuri mmoja tu.