Shoki za Gari la Bi Mwanakheri

Siku yangu ya kwanza gerejini nilifika chumvi ingali kwenye kucha. Nilikuwa nimevuna chumvi Marereni kwa miaka miwili, na nyayo zangu zilikuwa zimepasukapasuka. Fundi Mkuu wa gereji ile ya Malindi, mtu mfupi asiyecheka, hakunijibu salamu. Aliniangalia miguu akasema, "Humu huingii na ndara. Katafute viatu, kisha urudi uanze kazi." Nikaazima viatu vya binamu yangu. Vilinibana kutwa nzima, lakini jioni nilikuwa nimeajiriwa.

Fundi Mkuu ndiye aliyenifunza habari za springi na shoki. Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari. Shoki ni bomba lenye mafuta ndani, na fimbo ya chuma inayopanda na kushuka; kazi yake ni kuituliza springi isirukeruke. Kwenye magurudumu ya mbele ya magari madogo, mara nyingi vitu hivi viwili hufungwa pamoja, springi ikavishwa juu ya shoki na kukalia kisahani cha chuma.

"Nani anayebeba?" aliniuliza asubuhi moja, spana mkononi.

"Springi, bwana."

"Nani anayetuliza?"

"Shoki."

"Na wakigombana?"

Hilo sikulijua.

"Wakigombana, anayeumia ni abiria," akasema, akarudi chini ya gari lake.

Baada ya miaka kadhaa nilihamia Kilifi, chini ya Msimamizi wa Karakana, bwana mmoja wa bara aliyekuwa na daftari la vipimo na penseli sikioni. Wakati huo vijana walikuwa wameanza kushusha magari yao ili yalale chini, yapendeze. Wengi walizikata springi kwa mashine ya kukatia vyuma. Msimamizi hakuwavumilia. "Gari hili halipandi jeki yangu," alikuwa akiwaambia, "mpaka mtoe hilo gofu la springi mlilolikata." Wachache walinunua springi fupi zilizotengenezwa kiwandani kwa kazi hiyo, na hao ndio waliotufikirisha.

Springi fupi huwa ngumu kuliko ya asili. Ukiiweka juu ya shoki ya kawaida, shoki hiyo haina nguvu ya kuizuia, na gari hudunda kama mpira. Tena, kwa kuwa gari limeshuka, fimbo ya shoki hukaa chini kila wakati, ikigonga raba ya ndani mpaka shoki ivuje mafuta. Hatari kubwa kuliko zote ni pale gurudumu linaponing'inia, kwa mfano gari likiruka tuta. Shoki ndefu huachia gurudumu lishuke mbali, springi fupi ikabaki haijafika, ikalegea kwenye kisahani chake. Dawa ni kutafuta shoki fupi, yenye nguvu ya kutosha kwa springi ile. Msimamizi alinifunza kupima kila kitu kabla ya kuagiza, na baada ya kufunga, kuinua gari kwa jeki, gurudumu lining'inie, kisha kuishika springi kwa mkono. Ikizunguka, kazi hiyo irudiwe.

Nilikaa naye miaka kumi na minne. Alipofariki, karakana ilifungwa, nami nikarudi Malindi katika gereji nyingine, kubwa, yenye sakafu ya vigae na Meneja aliyevaa shati jeupe. Sikuwahi kuiona mikono yake ikiwa na mafuta.

Huko, nikiwa nimeshazeeka kazini, ndiko alikokuja Bi Mwanakheri. Alikuwa mshonaji wa kofia za vito, zile zinazotobolewa na kudariziwa kwa mkono, mwenyeji wa Takaungu, mwanamke wa makamo mwenye vidole virefu. Gari lake dogo lilikuwa la marehemu mumewe, na huyo mume ndiye aliyelishusha. Shoki zote mbili za mbele zilikuwa zinavuja.

"Fundi, badilisha unachotaka," aliniambia. "Lakini springi hizi alizitia marehemu kwa mkono wake, akazisifu mpaka nikachoka kumsikiliza. Usizitoe."

Nikampimia. Springi zilikuwa fupi kuliko za asili kwa vidole vinne. Nikamweleza kwamba springi zinaweza kubaki, lakini shoki zinazolingana nazo lazima ziagizwe Mombasa, na zitachukua majuma mawili.

"Nitangoja," akasema. "Kofia nitazipeleka kwa basi."

Alipotoka, Meneja akaniita ofisini. Alikuwa na jambo moja tu: gari lile litaziba nafasi majuma mawili, na kwenye rafu kulikuwa na shoki za gari la aina ile ile.

"Hizo ni za gari lenye springi za asili," nikamwambia. "Hili limetiwa springi fupi. Gurudumu likining'inia, springi itatoka mahali pake."

"Umewahi kuiona ikitoka?"

"Kwa macho yangu, hapana. Kwa sababu nilikokuwa, hatukuruhusu ifike huko."

"Basi zitie. Na mteja usimtishe."

Nikazitia. Nilipoinua gari kwa jeki, nikaishika springi ya kushoto kama nilivyofunzwa, ikazunguka mkononi mwangu kama bangili. Niliiona. Ningeweza kurudi ofisini na spana zangu na kusema sifanyi. Nilishusha jeki.

Meneja alimpigia simu Bi Mwanakheri akamwambia amebahatika, shoki zimepatikana mapema. Alikuja siku ya pili, akanishukuru kwa kunizawadia kofia aliyoishona mwenyewe. Sijaivaa hata siku moja.

Siku tisa baadaye, akienda Malindi na mzigo wake wa kofia, alipita tuta karibu na Matsangoni. Gari liliruka kidogo, si sana. Lilipotua, springi ya kushoto haikurudi kisahanini. Gari lilivuta upande, likamshinda, likaingia kwenye mkorosho kando ya njia. Alitoka hai. Lakini kioo cha mlango kilimkata mkono wa kulia, kikakata mishipa inayokunja vidole. Madaktari walimshona. Vidole vitatu havikukunjika tena.

Gari lilipoletwa likiburutwa, Meneja aliniita, akafunga mlango. Alikuwa na kadi ya kazi, ile karatasi ambayo fundi huandika alichofanya kwenye gari.

"Hapa pana nafasi," akasema. "Andika: mteja alishauriwa angoje shoki zinazofaa, akakataa."

"Hakukataa. Alisema atangoja."

"Umebakisha miaka mingapi kustaafu?"

"Miwili."

"Basi andika."

Nikaandika. Sikushikiwa bunduki. Wino ulikuwa wangu, kalamu yangu, na herufi zangu nzuri ambazo Msimamizi alikuwa akizisifu.

Alipokuja mkaguzi wa bima, aliniuliza kama ule ni mwandiko wangu. Nikamwambia ni wangu. Akaniuliza kama maneno yale ni kweli. Nikamwambia, "Ndivyo ilivyoandikwa." Akafunga faili lake. Bi Mwanakheri akanyimwa fidia kwa kuwa, walisema, alionywa akapuuza.

Nilifanya ile miaka miwili. Siku ya kuniaga kulikuwa na soda na keki, na Meneja alisimama akasema kwamba katika mafundi wake wote mimi ndiye niliyempa amani ya moyo. Watu wakapiga makofi.

Juma lililofuata nilikwenda Takaungu. Bi Mwanakheri alinikaribisha kwenye baraza ya nyumba yake, akanipa maji. Nikamweleza yote tangu shoki mpaka kadi. Nilipomaliza, aliuliza jambo moja.

"Umestaafu lini?"

"Ijumaa iliyopita."

Akatikisa kichwa taratibu. "Kwa hiyo leo ukweli haukugharimu kitu."

"Nisamehe, Bi Mwanakheri."

"Nimemsamehe Meneja wako," akasema. "Yeye hajui shoki wala springi. Wewe ulijua. Wewe uliishika kwa mkono." Kisha akainuka, akanionyesha njia. "Kama umekuja kutua mzigo wako hapa, ondoka nao. Kama umekuja kunisaidia, nenda ukaandike tena."

Nikaandika tena. Niliandika kurasa mbili, nikaapa mbele ya wakili, nikazipeleka bima mwenyewe. Meneja akawajibu kwamba mimi ni mzee mwenye kinyongo. Wakaweka karatasi zangu mbili kando ya ile kadi, wakasema ile ya zamani iliandikwa wakati mambo yangali mapya, hivyo ndiyo ya kuaminiwa. Mwandiko wangu wa kwanza ukaushinda wa pili.

Mafundi vijana wa Malindi hunijia wakiwa na magari yaliyoshushwa, nami huwaonyesha jinsi ya kupima. Hayo nawapa bila choyo. Wakiniuliza wafanye nini mkubwa wao akiwaamuru vingine, nawaambia waseme siku ile ile, wangali na kazi ya kupoteza, kwa sababu neno la kweli likicheleweshwa halinunuliki tena kwa bei yoyote. Wengine hunisikiliza. Wengine hudhani nasimulia habari za mzee fulani ambaye si mimi.

Mwezi uliopita nilikutana na Bi Mwanakheri sokoni Kilifi. Nikamwamkia kwa jina. Aliitikia, maana ni mtu aliyelelewa akaleleka. Akauhamishia mfuko wake wa nazi mkono wa kushoto, ule ambao vidole vyake hukunjika, akaenda zake.