Mtoto Aitwaye Bado

Miaka ile wakimbizi wa Burundi walipokuwa wanajaa tena kambini, mimi nilikuwa muuguzi wodi ya wazazi, Kigoma mjini, na kompyuta ilikuwa adui yangu. Ililetwa na kijana mmoja kutoka Dar, shati limepigwa pasi mpaka unaogopa kumgusa. Akatueleza kwamba sasa kila mtoto mchanga atapimwa masikio, na majibu yataingizwa kwa kufuata viwango, ili kompyuta yetu na ile ya zahanati ya kambini ziongee lugha moja.

"Zitaongea Kiha?" nikamuuliza.

Hakucheka. Hapo nikajua tuna kazi.

Kiwango cha kwanza: huendelei mpaka ujaze jina la mtoto. Haya, jina! Mtoto kazaliwa alfajiri, jina atalitoa wapi? Sisi wa Ujiji tunangoja siku ya saba, wenzetu wanangoja kitovu kikatike. Namuuliza mama wa Buzebazeba, mwanao anaitwa nani? "Bado." Namuuliza wa Simbo. "Bado." Namuuliza mama mkimbizi aliyeletwa na gari la wagonjwa kutoka kambini. "Bado, sista." Basi wodi nzima tukawa tunaandika hivyo hivyo, Bado, kompyuta inaridhika, maisha yanaendelea. Hata wazazi tukawa tunawatania, Mama Bado huyu, Mama Bado yule.

Yule mkimbizi alikuwa na mvulana mzito, mashavu kama maandazi. Nilimshika mwenyewe alipopimwa. Kifaa kinawekwa sikioni, kinatoa mlio mdogo, kinangoja sikio lijibu. Taa ikawaka nyekundu, kulia na kushoto. Tukarudia, nyekundu tena. Nikamwambia mama asiogope, wengine ni majimaji tu yamebaki sikioni, ila lazima apimwe tena huko kambini.

Asubuhi waliyoruhusiwa nikapiga simu zahanati ya kambini, nihakikishe wameyaona majibu.

"Mtoto anaitwa nani?" akauliza muuguzi wa huko.

"Bado."

"Basi mkishampa jina mtupigie."

"Nani kasema hana? Anaitwa Bado!"

"Ahaa, nimemwona. Bado amesikia."

"Amesikia, au bado hajasikia?"

"Sista, umekunywa chai kweli? Bado amesikia! Masikio mazima, hana haja ya kupimwa tena."

Nikaikata simu. Mtoto akienda kambini na majibu yale, hakuna atakayemgusa masikio mpaka awe mkubwa, aitwe mkaidi, achapwe kwa kutoitika. Nikamvuta kijana wa Dar kwa mkono wa lile shati lake. Akabonyeza, akabonyeza, jasho likamtoka. Kumbe kompyuta imeona wavulana waliozaliwa siku moja, wodi moja, wote Bado, ikawafanya mtoto mmoja, na majibu iliyobaki nayo ni ya mtoto wa yule mama wa Simbo.

"Imefuata viwango," akanong'ona.

"Na vikufuate wewe mpaka kwenu!"

Nikatoka mbio na kandambili za wodini. Nje, gari la kambini limeshawashwa. "Mama Bado!" nikapiga kelele. Wakageuka wanawake wanne.

"Wa mashavu! Shuka!"

Akashuka akidhani mwanawe ananyang'anywa. Tukampima tena. Nyekundu. Safari hii hakwenda kambini mpaka daktari wa masikio amemwona. Kijana wa Dar akawatenganisha watoto wetu, akaamuru asiye na jina aandikwe kwa jina la mama yake, na neno Bado akalipiga marufuku kabisa.

Mtoto alikuwa ameanza kutambaa waliporudi kwangu, vifaa vya kusikia vimekaa nyuma ya masikio, mashavu yako palepale. Nikafungua kompyuta.

"Jina la mtoto?"

"Bado," akasema mama yake.

"He! Mpaka leo, mama?"

"Ndilo jina lake, sista. Ndilo uliloita ukatushusha garini."

Machozi yakanitoka mbele za watu, wala sikuona haya. Nikaandika. Kompyuta ikakataa: jina si sahihi. Nikaandika tena, ikakataa tena. Hasira zikanipanda, nikaipiga meza kofi.

"Bado!" nikaifokea. "Anaitwa Bado!"

Chini ya meza, mtoto akaacha kutafuna kamba ya kiatu changu, akainua kichwa.