Kaka Yangu Verlin Juu ya Mashua

Kaka yangu Verlin Haugen alilima ngano na baba, hapa hapa Dakota ya Kaskazini, mpaka jeshi la majini lilipomfundisha kurusha ndege za kushambulia. Vita vya Vietnam vilipopamba moto, alikuwa akiruka kutoka kwenye meli ya kubebea ndege. Alirudi na mkono wa kushoto usiokunjuka. Mama alipomuuliza, alijibu, "Umekaza tu, mama. Nipe viazi."

Tulijua ukweli siku rubani mwenzake, Delmar Pruitt, alipotutembelea kutoka Georgia wakati wa mavuno.

"Huyu hajawaambia?" Delmar aliuliza mezani.

"Kula bwana, chakula kinapoa," Verlin akasema.

"Kipoe. Leo hunifungi mdomo."

Walikuwa wametumwa kulipua daraja lililozungukwa na mizinga ya kutungulia ndege. Verlin alitangulia kuipiga ile mizinga ili wenzake wapite. Vipande vya chuma vikapasua mkono wake, na tangi la mafuta likaanza kuvuja. Daraja lilianguka, lakini Delmar naye akatunguliwa, akashuka kwa parachuti baharini, karibu na ufuko. Mashua ya askari wa adui ikatoka kwenda kumkamata.

Kiongozi wa marubani alimwamuru Verlin arudi melini. Verlin hakutii; akageuza ndege, akawa anamimina risasi mbele ya mashua ile mpaka zikamwishia.

"Helikopta ya kuniokoa haijafika," Delmar alisema. "Naona ndege yake inashuka tena, haifyatui hata moja. Nikajua hana kitu. Wale hawakujua. Kila akiwashukia wanalala kifudifudi, mashua inazunguka ovyo. Akafanya hivyo tena na tena, damu inamtoka."

"Hukuogopa?" mimi dada yake nilimuuliza.

Verlin alisogeza sahani yake. "Niliogopa sana. Nilishuka chini mno, nikaziona nyuso zao. Mmoja mtu mzima, rika la baba. Nikashukuru risasi zimeisha."



Helikopta ilipomnyanyua Delmar, mafuta ya Verlin yalikuwa yamekwisha. Aliruka kutoka kwenye ndege, akaangukia bahari hiyo hiyo, na helikopta ile ile ikamfuata.

"Nilimvuta ndani mwenyewe," Delmar akasema. "Mnajua neno lake la kwanza? 'Siku nyingine uangukie karibu na meli.'"

Baba alicheka mpaka akafuta macho. Mama hakucheka. Aliinuka, akaushika ule mkono mbovu kwa mikono yake miwili, na Verlin akamwacha aushike.

Delmar alibaki kutusaidia mpaka shamba la mwisho likavunwa. Majira ya kuchipua yalipofika, akarudi kunichumbia.

"Ningejua atamchukua dada yangu," Verlin alimwambia mchungaji siku ya harusi, "ningetii amri."

Kisha akanishika mkono, akanipeleka kwa Delmar.