Marehemu Asiyetoka Rafuni

Ami Badi, ndugu wa baba yangu aliyenilea, akitoka nyumbani kwetu Kisauni asubuhi, kanzu imepigwa pasi na koti jeusi juu yake, ungedhani anakwenda kuozesha. Kumbe anakwenda dispensari, kukaa nyuma ya meza yenye mguu mmoja uliotiliwa kigae, na kuuliza watu majina yao. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake tangu ujana. Mgonjwa akija na kadi, Ami huitazama nambari, hugeuka kwenye rafu, na faili huwa mezani mgonjwa hajamaliza kukohoa.

Mafaili yale yalifungwa kwa uzi, na Ami hakufungua hata moja. Daktari aliyemwandika kazi alimwambia kuwa karani hasomi ya ndani. Daktari yule akaenda zake, wakaja wengine wakaenda, na Ami bado yuko na neno lile. Mkewe, Bi Barke, aliwahi kumuuliza jirani yetu mmoja anaumwa nini, maana amekonda.

"Najua jina lake na nambari yake," Ami akasema. "Ya ndani si yangu."

"Hata mimi mkeo hunambii?"

"Faili lako wewe ndilo kabisa. Hata mgongo wake siutazami."

Bi Barke alicheka hata chai ikamwagika.

Mwaka mmoja kabla ya uhuru rafu ilijaa. Daktari wa wakati ule alikuwa Mzungu, akivuka daraja la Nyali kutoka kisiwani kila Ijumaa mchana kuja kutazama wagonjwa wazito. Alisema mafaili ya waliokufa yatolewe, yatiwe katika sanduku la chai lililokuwa kando ya meza, na mwisho wa mwezi Mwidani, mlinzi, ayachome nyuma kwenye shimo la taka.

Mmoja wa waliokufa alikuwa Mzee Gona Ruwa, mgema wa upande wa Kongowea. Yeye na Ami walikuwa wakitaniana miaka mingi. Mzee Gona akifika mezani husema, "Karani, bado hujafa?" na Ami humjibu, "Nakungoja wewe utangulie nikufunge faili." Basi akatangulia kweli, wakati wa masika, na Ami akaenda kumzika, akarudi na tope mpaka magotini. Daktari alipotoa amri yake, faili la Mzee Gona Ami alilitia sandukuni taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Ijumaa iliyofuata akarudi kutoka msikitini, akamkuta daktari amesimama mbele ya rafu, faili mkononi.

"Badi, huyu si alikufa?"

"Alikufa, bwana. Nilikuwapo kaburini."

"Basi mbona iko hapa?"

Ami akalipokea. Akalirudisha sandukuni, akaliweka chini kabisa, mengine juu yake. Ijumaa ya pili, ametoka msikitini tena, daktari analo tena mkononi.

"Labda wewe umechoka," daktari akamwambia, wala si kwa ukali. "Iko kijana amemaliza shule, anatafuta kazi. Nikiona huyu mtu kwa rafu tena Ijumaa, nitaleta yule kijana, wewe upumzike."

Usiku ule Ami hakula. Alikaa barazani akihesabu vidole kama mtoto wa chuo cha Kurani. Mimi nilikuwa napeta mchele, nikamsikia akimwambia mkewe, "Mkono wangu uliliweka chini. Naukumbuka. Au ninazeeka, Barke, na nyinyi hamunambii?"

"Lichome kesho, tupumzike."

"Nikilichoma sitajua kamwe. Aliyelirudisha ataleta jingine, na mimi nitabaki nikijiuliza kichwa changu kiko wapi. Wataniondoa mezani nikiwa sijui kama wamekosea au la."

Akaanza kutafuta. Akamwambia Mwidani achunge sanduku. Mwidani akachunga usiku kucha, hakuona mtu, na asubuhi akatangaza kote kwamba Mzee Gona hajamaliza dawa yake, anakuja mwenyewe kufuata dozi. Wagonjwa wakaanza kukaa mbali na lile sanduku. Mama mmoja aliambiwa asubiri kwenye benchi lililo karibu nalo, akasema heri asimame.

Halafu Ami akamuuliza Kafedha. Kafedha alikuwa dresa wetu, msichana wa Kigiriama aliyesoma misheni, amekuja kazini baada ya masika. Ndiye akisafisha vidonda, na Ijumaa Ami akienda kuswali, ndiye akishika meza.

"Mwanangu, wewe hugusi mafaili ya wafu?"

"Ya wafu? La, mzee. Ya wafu nayatakia nini?"

Alisema kweli, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesema kweli. Ami akarudi nyumbani mnyonge zaidi.

Bi Barke ndiye aliyesema twende kwa mjane wa Mzee Gona, Bi Nyamvula. Yeye aliamini maneno ya Mwidani nusu. Huenda marehemu alimwachia mtu wasia haujatimizwa, akasema, kwenda kuuliza si haramu. Ami alimwambia huo ni upuuzi, kisha akavaa koti. Kwenda peke yake kwa mwanamke mjane hakutaka, kwa hivyo Jumapili tukaenda sote watatu.

Bi Nyamvula tulimkuta mlangoni akisuka makuti. Tukasalimiana kirefu, tukapewa vigoda. Ami akakohoa, akashindwa kuanza. Bi Barke akaanza yeye.

"Dada, tumekuja kwa ajili ya Mzee Gona."

"Mume wangu?" Bi Nyamvula akasema, hata makuti hakuyaacha. "Yuko nyuma anaoga. Ngojeni, anatoka sasa hivi."

Bi Barke alinishika mkono akanifinya, na mpaka leo sijui kama alikusudia. Ami hakutikisika. Maji yakasikika yakimwagika huko nyuma, mtu akipiga mluzi. Kisha akatoka kijana mrefu, shuka kiunoni, bandeji nyeupe mguuni.

"Mume wangu, salimia wageni," Bi Nyamvula akamwambia. "Huyu ndiye Gona. Baba yake ni Ruwa, mwanangu wa kwanza."

Hapo Bi Barke akapumua. Nyumbani kwetu pia nyanya huwaita wajukuu waume zake, tena huwagombeza kwa kutomletea kanga. Wenzetu hawa wameongeza moja: mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake. Gona wa Ruwa akazaa Ruwa wa Gona, naye Ruwa akazaa Gona wa Ruwa.

Ami alikuwa akiitazama bandeji. Ile namna ya kufunga, ncha mbili zimechomekwa chini, aliijua.

"Mguu umefungwa wapi, babangu?"

"Dispensari kwenu. Nilikatwa na jiwe machimboni. Naenda kila Ijumaa."

"Mbona mimi sikujui?"

"Nikifika huwa hupo. Nyapara wetu akienda kuswali ndipo tunapata nafasi, nami hukimbia. Naambiwa karani naye yuko msikitini."

"Na kadi?"

Bi Nyamvula akacheka. "Kadi ya babu yake ilikuwapo hapa ndani. Jina ni lake, nikampa. Nimtafutie nyingine ya nini?"

Njia nzima ya kurudi Ami alitembea mbele yetu, mikono nyuma, na mara moja nikamsikia akicheka peke yake.

Jumatatu akamuuliza Kafedha upya, safari hii kwa jina.

"Gona Ruwa? Ah, huyo namjua, wa mguu," Kafedha akasema. "Kila akija faili lake silioni rafuni, nalikuta sandukuni kati ya ya wafu. Nikamaliza, nalirudisha mahali pake."

"Hukunambia."

Kafedha akainama. "Niliona labda mzee umesahau ukaliweka pabaya. Nikasema nirekebishe kimyakimya, usije ukaaibika kwa daktari."

"Na ndani halikukushangaza? Mgema, mtu wa umri wangu?"

"Liliandikwa miaka sabini. Nikasema, hawa makarani nao kwa kukosea."

Ami alicheka mpaka akavua kofia akajipepea.

Ijumaa alikwenda msikitini kama kawaida. Alichoagiza ni kwamba kijana Gona, akishafungwa mguu, asiondoke. Nilikuwa kwenye benchi la nje na Bi Barke, tumekuja kwa jino lake, daktari alipoingia akaliona faili limelala juu ya meza waziwazi, na Ami amesharudi kitini.

"Huyu tena."

"Ndiyo, bwana," Ami akasema. "Na leo mwenyewe yuko. Simama, babangu. Mwambie daktari jina lako."

"Gona Ruwa, bwana."

Mwidani alikuwa mlangoni. Alipolisikia jina alitoka, na hatukumwona tena hadi magharibi.

Daktari alielezwa yote, akaelezwa tena, akataka kuchorewa. Kafedha akamchorea babu, baba na mjukuu kwenye kipande cha karatasi. Kisha daktari akamsukumia Ami lile faili atenganishe karatasi za mzee na za kijana. Ami akalisukuma nyuma.

"Dresa atafanya, bwana. Mimi ni wa juu tu."

Daktari akamtazama kidogo. "Huwezi kulifungua hata kujiokoa?"

"Nilikatazwa."

Kafedha akafungua uzi, akatenganisha. Za mzee zikapelekwa shimoni na Ami mwenyewe, kwa kuwa Mwidani hayupo, na alisimama pale mpaka zikaisha, midomo ikimchezacheza. Aliporudi daktari alikuwa ameshaingia chumba cha wagonjwa, na juu ya meza ameacha jalada jipya tupu, kalamu imewekwa juu yake, imeelekezwa upande wa kiti cha Ami. Habari ya kijana aliyemaliza shule haikutajwa tena.

Ami akakaa. Akaandika Gona Ruwa Gona, akapuliza wino, akaita anayefuata. Akaja mzee mmoja mkali na fimbo yake.

"Jina lako?"

"Kaviha."

"La baba?"

Mzee akataja.

"La babu?"

"Babu yangu alikufa hata reli haijaja. Unamtakia nini?"

"Nataka kujua kama jina lake amekuachia wewe."

"Ameniachia. Kwani ulilitaka wewe?"

"La, bwana wangu," Ami akasema, akiandika. "Keti hapo karibu na sanduku. Leo halina mtu."