Gesi ya Ng'ombe Mguuni mwa Mama

Mama yangu hakuwahi kuipenda baridi hata siku moja. Kwetu Njoro baridi ndiyo hushtakiwa kwa kila ugonjwa: ukikohoa ni baridi, kiuno kikikuuma ni baridi imeingia kwenye mifupa. Uvimbe wowote dawa yake ni maji moto na chumvi, ukandwe mpaka ulie. Kwa hiyo siku aliponyoosha mguu wake na kuomba upuliziwe baridi, nilidhani masikio yangu yananidanganya.

Kisa kilianzia kwenye matope. Alikuwa akimpeleka ng'ombe wetu wa maziwa kunywa maji, ng'ombe akateleza, na mama, ambaye huzungusha kamba mkononi hata umkataze namna gani, akaenda chini naye. Ng'ombe aliinuka akichechemea, goti la mbele limefura. Kifundo cha mguu wa mama nacho kilifura, lakini yeye alisema hakimuumi. Nilifunga duka langu mjini Nakuru nikaja mbio, nikamkuta anazunguka zizini na gambuti zake, yale mabuti ya mpira, kana kwamba hakuna kitu.

"Mama, si ukae chini!"

"Ng'ombe kwanza," akanijibu.

Nilimgombeza, kisha nikatoka kwenda kumsifia kwa majirani. Mama yangu ni chuma, niliwaambia.

Daktari wa mifugo akaja, msichana mdogo kuliko nilivyotarajia, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kutibu farasi upande wa Rongai. Kutoka kwenye gari lake alitoa mtungi wa gesi, ile ile inayotiwa kwenye soda, umeunganishwa na kitu chenye mdomo wa bunduki.

"Hii ni baridi, shosho," akamwambia mama, kama bibi anavyoitwa kwetu. "Baridi ya ghafla. Inashusha uvimbe na kutuliza maumivu. Hata watu wa mpira wakiumia wanapuliziwa."

Mama akasonya. "Baridi? Unataka kuniulia ng'ombe?"

Ile bunduki ikalia fff, moshi mweupe ukatoka, na manyoya ya goti yakashika umande mweupe. Ng'ombe akarusha kichwa, nami nikaruka pamoja naye. Daktari hakuuacha mdomo wa bunduki utulie mahali pamoja. Aliuzungusha goti zima, akapumzika, akarudia. Alipomaliza, ng'ombe ambaye alikuwa ameinua mguu tangu asubuhi aliukanyagia chini, kwanza kwa wasiwasi, halafu kabisa. Mama alimtazama, kisha akautazama mtungi.

"Gesi imebaki kwa mtungi?" akauliza.

"Imebaki kidogo."

"Basi isirudi bure. Nipulizie na mimi."

Daktari alicheka, akasema yeye ni wa wanyama. Kusema na mama ni kutwanga maji kwenye kinu. Tayari alikuwa ameketi juu ya ndoo, gambuti moja imetoka, soksi nzito imekunjwa hadi kisigino. Kuivua yote alikataa, eti baridi itamwingia. Daktari alinitazama mimi, na mimi, kwa ujinga wangu, nikamwambia ampulizie tu tupumue.

"Kidogo tu basi. Unasikia, shosho?"

"Nasikia."

Akapuliza tena. "Bado unasikia?"

"Nasikia, mwanangu. Kwani mimi ni kiziwi?"

Tulicheka, na mimi ndiye niliyecheka zaidi. Mama alikuwa akimwangalia ng'ombe. Kwenye kifundo chake doa jeupe lilianza kujitokeza, na mara daktari akaachilia bunduki. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni.

"Shosho, unasikia nini?"

"Hiyo gesi yako. Si inalia fff?"

"Na baridi?"

"Baridi iko wapi?"

Nilimshika mguu. Ulikuwa baridi kiasi cha mkono wangu kujiondoa wenyewe, na mwenye mguu ametulia, anangoja tumalize. Daktari aliivua soksi bila kuomba ruhusa. Chini ya unyayo, karibu na kidole kidogo, palikuwa na kidonda kirefu cha kwenda ndani, kingo zake nyeusi, na harufu ambayo sitaki kuieleza.

"Hiki ni cha lini?" nikauliza.

"Kipi?" akasema mama.

Nikaichukua ile gambuti, nikatia mkono ndani. Ncha ya msumari ilinidunga kidole nikapiga ukelele. Ulikuwa umetoboa soli kutoka chini ukasimama hapo, na mama alikuwa akiukanyaga kila hatua, akienda kwa ng'ombe, akienda kanisani, akija kunifungulia lango. Chuma nilichokuwa nikikisifu kumbe ni mguu uliokufa ganzi.

Hospitalini Nakuru walisema ni sukari. Ilikuwa imekula mishipa ya fahamu miguuni polepole, bila kelele. Nitasema mapema usije ukahangaika: mguu upo, walikata kidole kile kidogo tu. Lakini si kisu kinachonijia nikilala. Ni jambo la kabla ya hapo, pale daktari wa watu alipochukua uzi mgumu wa plastiki na kumwambia mama afumbe macho.

"Kila ukisikia nimekugusa, sema hapo."

Akagusa kisigino. Mama kimya. Akagusa kidole gumba. Kimya. Mama alipoona kimya kimezidi, akakunja uso, akakaza vidole kwenye shuka.

"Hapo," akasema.

Daktari alikuwa ameshauweka uzi mezani, anaandika.

"Hapo," akasema mama tena, macho ameyafumba kwa nguvu. "Na hapo. Na hapo."

Nikamshika mkono, ndipo akanyamaza.